KPU, 1966 hadi 1969: kilikuwa chama cha mrengo wa kushoto au hasira ya mtu mmoja?

Mjukuu wa Kandara anauliza:

Salamu kwenu nyote. Mwezi uliopita tulimzika nyanya yangu mzaa mama huko Kandara, Murang'a, na siku chache baada ya mazishi tulikaa kupanga vitu vyake. Chini ya kitanda palikuwa na mkebe wa bati, na ndani yake mlikuwa na hati ya shamba, picha moja ya harusi, risiti za kahawa za chama cha ushirika zilizofungwa kwa uzi, na kadi ndogo iliyofifia yenye herufi tatu: KPU. Jina lililoandikwa humo kwa wino ni la guka, yaani babu yangu mzaa mama, aliyefariki kabla sijazaliwa. Mama yangu hakuwahi kusikia kwamba baba yake alikuwa mwanachama wa chama hicho. Mjomba wangu mkubwa, ambaye miaka hiyo alikuwa kijana wa kutosha kuyajua mambo ya nyumbani, aliipokea kadi, akaigeuza mara mbili, akanirudishia na kuniambia niiweke nilipoitoa.

Shuleni, Kenya People's Union ilipewa aya moja tu: Jaramogi Oginga Odinga alikosana na Mzee Kenyatta, akatoka chama tawala cha KANU mwaka 1966, akaunda chama cha Waluo, na chama hicho kikapigwa marufuku mwaka 1969. Ikiwa hayo ndiyo yote, sielewi kadi yake ilifuata nini katika nyumba ya Mkikuyu wa Kandara aliyeishi kwa kahawa na ng'ombe wawili. Naomba wenye ufahamu wanieleze: je, KPU ilikuwa na msimamo wa mrengo wa kushoto uliosimama wenyewe, au ilikuwa hasira ya mtu mmoja iliyovikwa maneno ya kijamaa? Na kama ilikuwa na wafuasi nje ya Nyanza, nyumbani kwa Waluo, kwa nini walinyamaza hata mbele ya watoto wao?

Mwalimu Mstaafu, Kisumu anajibu:

Pole kwa msiba, mwanangu. Hiyo aya moja nami niliifundisha kwa miaka mingi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kitabuni, na sikuwahi kuridhika nayo.

Ugomvi haukuanza kati ya watu wawili. Ulianza ndani ya KANU mara tu baada ya uhuru, na chanzo chake kilikuwa swali la nini kifanyike kwa ardhi na mali iliyokuwa mikononi mwa walowezi na kampuni za kigeni. Upande mmoja walikuwamo Odinga, Bildad Kaggia, Achieng Oneko na Pio Gama Pinto, waliotaka ardhi igawiwe wasio nayo, vyama vya ushirika vichukue mashamba makubwa, na dola ishike njia kuu za uchumi. Upande wa pili walikuwamo Tom Mboya, James Gichuru na Charles Njonjo, walioamini kwamba mtaji wa kigeni usipotulizwa nchi itakwama. Mzee Kenyatta mwanzoni alijiweka juu ya pande zote mbili, lakini kila mwaka uliopita ulimsogeza upande wa pili. KADU, chama cha upinzani, ilipojivunja mnamo Novemba 1964 na wabunge wake kuhamia KANU, mizani ilielemea zaidi, kwa kuwa wageni hao hawakuwa na haja yoyote na siasa za akina Kaggia. Wengi husherehekea tukio hilo kama umoja wa taifa, nami naliona kuwa ndilo lililoanza kuwasukuma watu wa mrengo wa kushoto nje ya nyumba waliyoijenga.

Kisha ukaja mwaka 1965. Tarehe 24 Februari, Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Yeye ndiye aliyekuwa mpangaji wa mrengo ule, mtu wa kuhesabu kura Bungeni, kuandika hotuba na kutafuta fedha, na baada ya kifo chake hakupatikana aliyeifanya kazi hiyo kwa uhodari ule. Aprili serikali iliikataa shehena ya silaha za Kisovieti iliyoletwa Mombasa na meli Fizik Lebedev, na minong'ono kuhusu Odinga na wakomunisti ikazidi. Mwaka huohuo ulitoka Waraka wa Bunge Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, uliotumia neno "ujamaa" kwenye jalada na kuilinda mali ya watu binafsi ndani yake. Chuo cha Lumumba, kilichofunguliwa Desemba 1964 kuwafunza makada wa KANU, kilifungwa kabla hakijatimiza mwaka. Kwa hiyo ilipofika Machi 1966, wajumbe wa KANU walipoitwa Limuru, kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanywa.

Kule Limuru cheo cha makamu wa rais wa chama, alichokishika Odinga, kilifutwa, na badala yake vikaundwa vyeo 8 vya makamu, kimoja kwa kila mkoa na kimoja kwa Nairobi. Hebu angalia lililotokea kwa Mkoa wa Kati, kwa maana linakuhusu wewe. Kaggia aligombea umakamu wa mkoa huo na akashinda. Kura ikarudiwa, na safari ya pili akashinda Gichuru. Mtu aliyekaa jela moja na Kenyatta kutokana na kesi ya Kapenguria ya wakati wa mkoloni, akachaguliwa na wajumbe wa mkoa wake mwenyewe, alinyang'anywa ushindi siku hiyohiyo mbele ya macho ya waliomchagua. Huyo hakuwa Mluo, na kosa lake halikuwa la kabila.

Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi tarehe 14 Aprili 1966. KPU ikawa naye kama rais na Kaggia kama naibu wake. Ilidai ardhi ya bure kwa maskini, elimu ya bure ambayo KANU yenyewe iliiahidi mwaka 1963, kutaifishwa kwa uchumi muhimu, na vyama vya wafanyakazi visivyoshikwa na serikali. Odinga hakuwa mfuasi wa Marx wa vitabuni. Alikuwa mwalimu na mfanyabiashara, mwanzilishi wa kampuni ya Luo Thrift and Trading. Lakini chama hupimwa kwa madai yake na kwa watu wanaoumia kwa kuyadai, na kwa kipimo hicho siwezi kuiita KPU hasira ya mtu mmoja.

Wakili wa Mashambani anajibu:

Namshukuru Mwalimu. Ningependa kuongeza upande wa sheria, kwa sababu naamini kwamba sura ya "chama cha Waluo" ilitengenezwa hatua kwa hatua kwa kalamu ya serikali, na kila hatua ina tarehe.

Wabunge na maseneta wapatao 30 walipotangaza kuondoka KANU, Katiba haikuwa na kifungu cha kuwazuia. KADU nzima ilikuwa imevuka sakafu ya Bunge mwaka 1964 bila mtu hata mmoja kurudi kwa wapiga kura. Serikali ilileta mswada ambao ulipita Mabunge yote mawili kwa haraka isiyo ya kawaida na kuwa sheria tarehe 28 Aprili 1966. Ulisema kwamba mbunge anayekiacha chama kilichomdhamini atapoteza kiti chake, lakini chama chenyewe kikiwa kimevunjwa, kiti hakipotei. Someni hiyo sehemu ya pili polepole. Iliwekwa ili waliotoka KADU wabaki salama na waliotoka KANU wakamatwe, na tena sheria ikafanywa iwafikie watu waliokuwa wameshahama kabla haijatungwa. Baadhi ya waasi walipouona mswada walijaribu kurudi KANU, wakakuta mlango umefungwa.

Ndipo ukafanyika ule unaoitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo wa Juni 1966, wa viti 29 kwa mpigo: 19 vya Bunge la Wawakilishi na 10 vya Seneti. KANU ilichukua 20, KPU ikabaki na 9, ingawa ukijumlisha kura zote, KPU ndiyo iliyopata nyingi zaidi. Sababu ni kwamba kura zake zilirundikana Nyanza, ambako ilishinda kwa tofauti kubwa mno, na kwingine zikatawanyika. Hata hivyo J. M. Nthula wa KPU alishinda kule Ukambani. Oneko alishindwa Nakuru Mjini, J. D. Kali akashindwa Nairobi, na Kaggia akashindwa Kandara. Hizo ndizo sehemu tatu ambazo zingekifanya chama kionekane cha taifa zima.

Mwezi huohuo wa Juni ilipitishwa sheria ya kulinda usalama wa umma iliyomruhusu waziri kumweka mtu kizuizini bila kesi, miaka miwili na nusu tu baada ya uhuru, na watu wa kwanza kuonja makali yake walikuwa wa KPU. Kisha ikaja Agosti 1968, uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na miji. Wagombea wa KPU, mamia kwa mamia nchi nzima, walikataliwa wote kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa sawasawa, na wa KANU wakapita bila kupingwa.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waliokataliwa, katika wilaya ambayo haikuwa ya Nyanza wala ya Mkoa wa Kati, na sitaitaja. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, mtu aliyejaza fomu kila siku ya maisha yake. Alinisimulia kwamba aliiandika ile fomu usiku kwa mwanga wa kandili, akaikausha wino kwa karatasi ya kunyonya, akaikunja ndani ya gazeti isipate vumbi la njiani. Ofisini afisa aliitazama kwa muda usiozidi wa kunywa funda moja la chai, akasema haikujazwa vizuri. Baba aliuliza ni mahali gani. Afisa hakuonyesha mahali, akaita anayefuata. Nyuma yake walisimama wengine 6 wa chama kilekile, na wote 6 waliambiwa maneno yaleyale. Nimekuwa wakili kwa miaka 27, na kila ninapojaza hati ya mahakama huikagua mara tatu kwa sababu ya siku ile ambayo sikuwepo.

Chama ambacho kimezuiwa kugombea hata udiwani kila pembe ya nchi kitabaki na nini isipokuwa ngome ya nyumbani kwa kiongozi wake?

Dada Mjukuu wa Kandara, nina ombi. Tafadhali angalia kama kadi hiyo ina tarehe ya kutolewa, maana tarehe itatuambia mengi.

Mkulima wa Maragua anajibu:

Nimezaliwa na kukulia Murang'a, na naona kwamba wawili waliotangulia wameeleza vizuri mambo ya Limuru na Nairobi, lakini hawajafika shambani, na KPU ya kwetu ilikuwa ni shamba.

Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, ardhi ya huku ilikusanywa na kupimwa upya wakati maelfu ya wanaume walikuwa vizuizini au msituni. Aliyekuwa nyumbani, hasa aliyekuwa upande wa serikali ya mkoloni, alipata nafasi ya kusikilizwa. Aliyerudi kutoka kambini alikuta mawe ya mipaka yamekwisha kusimikwa. Uhuru ulipokuja, serikali iliweka mpango wa kununua zaidi ya ekari milioni moja kutoka kwa walowezi na kuwapa makazi familia zipatazo 35,000, lakini kwa mkopo, mkopo uliokopwa hasa Uingereza ili walowezi walipwe. Mtu aliyepigania ardhi alitakiwa ailipie kwa miaka mingi, na aliyeshindwa kulipa alifukuzwa. Kaggia aliona jambo hilo ni dhuluma tupu. Akiwa waziri msaidizi wa elimu aliandika na kusema kwamba ardhi iliyoporwa hainunuliwi na mwenyewe, na alitetea maskwota waliokuwa wakiondolewa mashambani. Aliambiwa achague kati ya kunyamaza na kutoka, na mnamo Juni 1964 akatoka serikalini.

Wazee wa huku hawajasahau mkutano wa Kandara wa Aprili 1965. Kenyatta alimsema Kaggia hadharani, Kaggia mwenyewe akiwa palepale. Aliwataja wenzao wa Kapenguria mmoja mmoja, akaeleza jinsi kila mmoja alivyojijenga tangu watoke jela, huyu kwa kahawa, huyu kwa nyumba, huyu kwa mabasi, kisha akamuuliza Kaggia yeye amejifanyia nini. Kuna waliocheka siku ile. Nilipomuuliza marehemu baba yangu kama naye alicheka, alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba swali lile liliwatisha kuliko bunduki, kwa sababu liliwafundisha kwamba kuanzia siku hiyo umaskini wa kiongozi utahesabiwa kuwa ujinga.

Sasa, kwa nini Kaggia alishindwa kwao kwa tofauti kubwa mwaka uliofuata? Wakili anasema kalamu ya serikali, nami nakubali kwa sehemu, kwa kuwa machifu walifanya kampeni mchana kweupe na leseni za mikutano hazikupatikana. Lakini tuseme ukweli wote. Watu wengi wa Murang'a waliona kwamba rais ni wao, na kwamba kumpigia kura mpinzani wake ni kukata tawi ulilokalia. Barabara, shule, leseni ya biashara, hati ya shamba, vyote vilipita kwa mkono uleule. Maskini wengi waliokuwa wakimpenda Kaggia walimpenda kimoyomoyo na wakapiga kura mahali pengine. Kusema kwamba walidanganywa ni kuwavunjia heshima. Walipima, na wakachagua walichodhani kitawalinda watoto wao. Gharama yake tunaijua sisi tuliogawana robo ekari.

Kaggia mwenyewe hakukaa hadi mwisho. Mwaka 1968 alihukumiwa kifungo cha miezi 12, kilichopunguzwa kuwa 6 baada ya rufani, kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali huko Nyanza Kusini, na mwaka 1969 alirudi KANU, kabla chama hakijapigwa marufuku. Wako wanaomlaumu, nami siwezi. Alikuwa amefungwa na mkoloni, akafungwa na wenzake, na hakuwahi kujilimbikizia mali. Alifariki mwaka 2005, na waliomtembelea katika uzee wake walimkuta akiishi maisha ya kawaida kabisa, wakati wenzake wa Kapenguria waliacha mashamba yasiyoonekana mwisho.

Mtoto wa Bandarini, Mombasa anajibu:

Kwa heshima zote, naona tunaionea huruma KPU kiasi cha kutoiuliza maswali. Chama hakikuwa na matawi imara katika sehemu nyingi za nchi. Humu Pwani tulikuwa na wafanyakazi wa bandari waliozoea kugoma na kujipanga, na chama cha mrengo wa kushoto kilistahili kuwa cha kwao, lakini viongozi wake walitumia nguvu nyingi zaidi Bungeni kuliko viwandani na bandarini. Vilevile si wote waliotoka na Odinga walitoka kwa ajili ya maskini. Wengine walitoka kwa sababu walinyimwa uwaziri, na ndio haohao waliotaka kurudi KANU kabla wino haujakauka. Na fedha zilizotoka nchi za Kisovieti na Uchina, ambazo Odinga hakuficha kwamba alipokea misaada yao, ziliwapa maadui silaha ya bure, hata kama upande wa Mboya nao ulisaidiwa na Wamarekani.

Hata hivyo haki isemwe. Ochola Mak'Anyengo, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa mafuta, alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini mnamo Agosti 1966, wiki chache tu baada ya uchaguzi. Serikali ilijua chama hicho kingeweza kuota mizizi wapi, na huko ndiko ilikopeleka panga kwanza.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu anajibu tena:

Ndugu wa Bandarini amesema kweli kuhusu matawi, nami sina la kupinga. Ningependa tu kumalizia mwaka 1969, kwa sababu swali la mwisho la binti yetu, lile la kunyamaza, jibu lake liko huko.

Mwezi Mei mwaka huo KPU ilishinda uchaguzi mdogo wa Gem kupitia Wasonga Sijeyo, baada ya kifo cha waziri Argwings-Kodhek. Ushindi huo uliitisha serikali, maana uchaguzi mkuu ulikuwa karibu. Tarehe 5 Julai Tom Mboya aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU na mpinzani mkali kuliko wote wa KPU. Yeye ndiye aliyepanga Limuru. Lakini alipokufa, Waluo waliokuwa wamegawanyika kati yake na Odinga walijikuta upande mmoja kwa uchungu. Tangu siku ile KPU ilibeba msiba wa kabila zima, iwe ilitaka au haikutaka, na maneno ya ardhi na ushirika yakazama ndani ya kilio. Huko Mkoa wa Kati nako watu walipakiwa kwenye malori kwenda Gatundu, nyumbani kwa Kenyatta, kula kiapo kwamba uongozi hautatoka nyumba ya Mumbi, yaani kwa Wakikuyu. Waliita safari hiyo "kwenda kunywa chai".

Tarehe 25 Oktoba Mzee Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Kisovieti, ambayo watu hadi leo huiita Russia. Nilikuwa na miaka 11. Tulipangwa kando ya barabara kwa madarasa, tukiwa na sare zilizopigwa pasi ya mkaa, na mwalimu wetu alituonya tusipige kelele yoyote. Vikundi vya vijana nyuma yetu walikuwa wakipaza sauti wakisema "Dume! Dume!", kwa kuwa dume la ng'ombe ndilo lililokuwa alama ya KPU, kama jogoo alivyokuwa wa KANU. Sikuyasikia maneno ambayo Rais na Odinga walirushiana jukwaani, ila baadaye kila mtu mzima aliyarudia. Nilichokiona mimi ni magari yakitoka kwa kasi, na mlio ambao nilidhani ni wa mabati yanayoanguka. Mvulana aliyekuwa mbele yangu mstarini alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Kiatu chake kimoja kilibaki barabarani, na mimi nilikimbia nikakiruka.

Serikali ilitaja vifo 11. Watu wa Kisumu wana hesabu yao, iliyo kubwa zaidi. Odinga na wabunge wenzake walikamatwa siku mbili baadaye, na tarehe 30 Oktoba KPU ikapigwa marufuku. Odinga alitoka kizuizini mwaka 1971, Oneko mwaka 1975. Uchaguzi wa Desemba 1969 ulikuwa na chama kimoja tu, na hali hiyo ikadumu hadi vyama vingi viliporudi.

Sasa fikiria, binti yangu, kuwa Mkikuyu mwenye kadi ya KPU mnamo Novemba 1969. Kwa jirani wa kule ungekuwa msaliti, na huku kwetu wakati ule hakuna ambaye angekupokea kama mwenzake. Guka wako angemwambia nani?

Mjukuu wa Kandara anajibu:

Nawashukuru nyote, na hasa Mwalimu. Nimeyasoma maneno yako kwa sauti mbele ya mama yangu na ikabidi nisimame katikati.

Wakili, nimeiangalia kadi kwa kioo cha kukuzia. Tarehe ipo nyuma, na inasomeka Julai 1966. Kwa hiyo guka hakujiunga Kaggia alipokuwa mbunge, wala wakati wa kampeni ambapo labda angetarajia kitu. Alijiunga mwezi mmoja baada ya Kaggia kushindwa Kandara.

Jumapili nilimpelekea mjomba majibu yenu, nikamsomea yale ya Mkulima wa Maragua. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo moja ambalo familia nzima haikulijua. Guka alipigia kura KANU mwezi Juni, kama walivyofanya wengi katika kijiji, kwa sababu chifu alikuwa amewaambia kwamba hati za mashamba bado hazijatoka zote. Ya kwake ilitoka wiki mbili baada ya uchaguzi. Alipokwisha kuishika mkononi alikwenda Thika kwa baiskeli, akarudi usiku akiwa na kadi ile, akamwambia nyanya aiweke pamoja na hati. Mwaka 1969 lori lilipokuja, alikwenda Gatundu na wengine akanywa chai, na aliporudi nyanya alimuuliza kama aichome kadi. Mjomba anasema alikuwa nje ya dirisha akimenya viazi, na alimsikia akijibu kwamba shamba na kadi vitakaa mkebe mmoja.